Semina ya siku mbili kwa walimu wa watoto kuhusu kufundisha sala: nipunguze nini, niweke nini?

MratibuNyegezi ameandika:

Shalom wapendwa. Novemba tutakuwa na semina ya walimu wa watoto wa jumuiya zetu za Kiyahudi hapa Mwanza, Jumatatu na Jumanne. Walimu ni 12: wachache wa huku Kanda ya Ziwa, wengine wanatoka Arusha, Mbale (Uganda) na Kenya. Wanafundisha watoto wa miaka 5 hadi 13, mara nyingi wote wakiwa chumba kimoja. Kiebrania wanasoma kwa viwango tofauti, na watatu bado wanategemea maandishi ya herufi za Kilatini.

Rasimu ya ratiba niliyo nayo ina mada 11: historia ya siduri (kitabu cha sala), sheria za sala, maana ya Amida (sala kuu inayosaliwa kwa kusimama), sala za Shabati, Haleli (zaburi za sifa) na kadhalika. Kila mada saa moja, mtoa mada anaongea, maswali mwishoni. Nikiiangalia naona walimu watarudi makwao na madaftari yaliyojaa, halafu Shabati inayofuata watoto watasali vilevile kama zamani. Naomba wenye uzoefu wa mafunzo ya walimu mnisaidie. Kiswahili nacho kiingie kiasi gani?

---

MwlWaShahariti amejibu:

Mratibu, hofu yako ni ya kweli. Mada 11 ni nyingi mno. Chagua matini tatu tu kwa siku zote mbili, na kila moja ifanyiwe kazi mpaka mwalimu aweze kuifundisha bila karatasi. Ningechukua Mode Ani (shukrani ya kuamka) kwa wadogo, Shema ("Sikia, Israeli") pamoja na aya yake ya kwanza kwa wa kati, na baraka ya kwanza ya Amida, yaani Avoti, kwa wakubwa. Mwalimu akishajua namna ya kuifungua sala moja, nyingine ataifungua mwenyewe akiwa nyumbani.

Kila matini ipitie njia nne: kusoma, maana, mwili na moyo. Semina nyingi hupita kwenye maana peke yake kwa sababu ndiyo rahisi kuhutubia.

Kabla ya hayo yote, anza na sala ya mwalimu mwenyewe. Tenga dakika 45 asubuhi ya kwanza, mara baada ya chai. Amida ya siku za kazi ina baraka 19: tatu za sifa, 13 za maombi, tatu za shukrani. Mpe kila mwalimu ombi moja kati ya yale 13 (akili, toba, msamaha, ukombozi, uponyaji, baraka ya mwaka, kukusanywa kwa waliotawanyika, haki na mengineyo). Alisome kimya kwa Kiebrania, kisha aandike kwa Kiswahili kitu halisi ambacho yeye leo angekiomba chini ya kichwa hicho. Asilazimishwe kukisoma mbele ya wenzake. Mwalimu ambaye kwake baraka ya uponyaji haijawahi kubeba jina la mgonjwa anayemjua hawezi kumwonyesha mtoto namna ya kulibeba.

Hapo ndipo uwafundishe keva na kavana, yaani lile lililopangwa na ule mwelekeo wa moyo. Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria simulizi) inayo kauli ya Rabi Eliezer kwamba anayeifanya sala yake keva, sala yake si dua tena. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa zama za kati, naye anaeleza kavana kwa vitendo: uondoe mawazo moyoni, ujione umesimama mbele ya Shekina (uwepo wa Mungu), na kwa hiyo ukae kidogo kabla ya kuanza na ukae kidogo ukimaliza. Kwa darasa la watoto hiyo ni dakika mbili za kimya kabla ya Amida. Ukizidisha, watoto wa miaka sita wanaanza kusukumana.

Sasa jambo ambalo ningelipa uzito kuliko yote: tenganisha saa ya sala na somo la sala. Walimu wengi wanavichanganya. Katikati ya Shema mwalimu anasimamisha watoto, anasahihisha neno, anawaambia warudie. Mtoto anajifunza kwamba sala ni mtihani na anayesikiliza ni mwalimu. Wakati wa sala mwalimu asali, sauti yake isikike kidogo juu ya yao, asiwasahihishe. Kosa alilosikia alipeleke kwenye somo. Siku ya kazi anaweza kuliandika baada ya sala. Siku ya Shabati haandiki, basi aweke utepe kwenye ukurasa wa siduri na akumbuke makosa mawili tu, yale yaliyojirudia kwa watoto wengi.

Kwenye kusoma, takwimu zenyewe zinasaidia kupanga. Mstari wa kwanza wa Shema una maneno sita. "Barukh shem kevod", mstari unaoufuata, nao una sita. Aya ya kwanza, "Ve'ahavta" ("nawe utampenda"), ina maneno 42. Ukifundisha sita kila somo ni masomo saba, ongeza mawili ya kurudia. Kipande kiwe cha maneno matatu hadi sita: mwalimu anasoma, wote wanarudia mara tatu, kisha mtoto anamsomea mwenzake. Kwa neno refu kama "uvshokhbekha", anzia nyuma: "bekha", "shokhbekha", "uvshokhbekha". Ukianzia mbele mtoto anapoteza pumzi mwishoni na kumeza silabi ya mwisho.

Hao walimu watatu wa herufi za Kilatini, usiwanyang'anye karatasi zao. Ila maandishi ya Kilatini yasiwe chini ya mstari wa Kiebrania, yawe nyuma ya karatasi. Yakiwa chini, jicho haliendi juu hata mara moja, na mwaka unaisha mtu hajaongeza herufi.

Mwili hupuuzwa, na ndiyo njia ya haraka zaidi kwa watoto. Wafanye walimu wenyewe wasimame: hatua tatu nyuma, tatu mbele, miguu pamoja. Ndani ya Amida kuna kuinama mara nne tu, mwanzo na mwisho wa Avoti, mwanzo na mwisho wa Modimu (baraka ya shukrani). Kwa Avoti utaratibu ni goti kwenye "Barukh", mgongo kwenye "Ata", kisha kusimama wima kabla ya kulitaja Jina la Mungu. Makosa mawili hujitokeza karibu kila darasa: mtoto anabaki ameinama wakati wa Jina, au anainama kwenye kila "Barukh" hadi mwisho wa Amida. La pili linatokana na mwalimu kusema "ukisikia Barukh, inama" bila kutaja ni baraka zipi.

Siku ya pili iwe ya kufundishana. Makundi matatu ya watu wanne, kila mmoja anafundisha wenzake dakika 10, kisha dakika nane za maoni. Kwa kundi ni dakika 72, na makundi yote yanakwenda kwa pamoja. Wasikilizaji wajibu maswali matatu tu: midomo ya wanafunzi ilifanya kazi dakika ngapi kati ya hizo 10? Mwalimu alisahihisha nini, na kwa namna gani? Mtoto angetoka na nini kinywani? Usiruhusu "umefundisha vizuri". Haimsaidii mtu.

---

MamaSiduri amejibu:

Naunga mkono aliyosema Mwalimu hapo juu. Mimi niongeze upande wa matamshi, kwa sababu makosa ya wasemaji wa Kiswahili yanajulikana na yanarekebishika mapema. Tenga kipindi kimoja cha dakika 60 siku ya kwanza.

La kwanza ni irabu ya nyongeza mwishoni. Tukiongea sisi kwa sisi tunasema siduri, taliti (shali ya sala), Shabati, na hakuna ubaya. Ndani ya sala lakini, "ekhad" ikawa "ekhadi" na "Yisrael" ikawa "Yisraeli", hapo pana tatizo. Zoezi: mtoto aseme neno akiwa ameweka kidole mbele ya midomo, ulimi usimame kwenye konsonanti ya mwisho. Kwa "ekhad" wenye hekima wa Talmud (mjadala mkubwa juu ya Mishna) walitaka dalet, yaani d ya mwisho, ivutwe kidogo, kwa hiyo mwalimu akiivuta anafuata mapokeo na anaua hiyo "i" kwa pigo moja. Katika kitabu cha Torati herufi ya ayin ya "Shema" na dalet ya "ekhad" huandikwa kubwa. Waonyeshe watoto picha yake, watakumbuka.

La pili ni herufi het (kh) na he (h). Sisi "kheri" na "heri" tunaziacha zipishane, lakini katika "kol haneshama tehalel Ya" (kila chenye pumzi kimsifu Mungu) ukiweka het badala ya he, kusifu kunakuwa kunajisi. Midrashi (mafafanuzi ya kale ya Maandiko) imeonya juu ya hilo waziwazi, pamoja na dalet ya "ekhad" kugeuka resh (r). La tatu ni "ts": "mitsvotai" inakuwa "misvotai". Waambie waitamke t na s kwa mkupuo mmoja, bila irabu katikati. Na kwa watoto ambao nyumbani r na l zinapishana, andika "Yisrael" ubaoni na uwape muda zaidi. Usiwacheke wala usiruhusu wenzao wawacheke, maana mtoto aliyechekwa kwenye sala hunyamaza mwaka mzima.

La nne ndilo gumu: mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, Kiebrania mara nyingi ya mwisho. "Ve'ahavta" mkazo wake uko kwenye "ta". Ukiurudisha kwenye "hav", kisarufi amri ya "utampenda" inasomeka kama jambo lililokwisha kupita. Nyimbo nyingi za kufurahisha watoto zinauvunja mkazo huo, kwa hiyo kabla mwalimu hajachagua tuni aisome aya kwa sauti ya kawaida, apige kofi kwenye silabi zenye mkazo, kisha aone kama tuni inaziangukia hizo. Tuni za kwetu zinafaa kabisa. Abayudaya wa Uganda wanaimba Zaburi kwa Kiluganda na kwa tuni za kwao, na watoto huzishika haraka. Ngoma na vinanda viachwe kwa siku za kazi, kwa kuwa jumuiya nyingi hazipigi ala siku ya Shabati.

Kuhusu Kiswahili, msimamo wangu ni huu: Mishna ya Sota inaruhusu Shema, Amida na baraka za baada ya chakula kwa lugha yoyote. Kwa mtoto mpya kabisa ningeanza na Shema kwa Kiswahili kwa wiki nne za mwanzo, Kiebrania kikiongezeka kidogo kidogo.

---

MwlWaShahariti amejibu:

Mama, hapo tunatofautiana kidogo. Sheria inaruhusu, nakubali, ingawa Talmud inamtaja Rabi Yehuda HaNasi, mkusanyaji wa Mishna, akisema Shema isomwe kama ilivyoandikwa, na wenye hekima wengi ndio waliosema lugha yoyote. Wasiwasi wangu ni wa darasani. Mtoto akishazoea maneno ya Kiswahili kwenye tuni, Kiebrania kinakuja kuwa kitu cha pili kinachomchosha. Talmud inasema mtoto akijua kuongea, baba yake amfundishe Torati na Shema, ikieleza kuwa Shema hapo ni mstari wa kwanza. Maneno sita mtoto wa miaka minne anayaweza kwa Kiebrania, nayo ni ya kutosha kuanzia.

Kiswahili kiingie kwa wingi kwenye somo la maana, na kiingie ndani ya sala yenyewe pale ambapo Amida inafungua mlango: katika baraka ya Shomea Tefila ("Asikiaye sala", ombi la mwisho kati ya yale 13) mtu huweka ombi lake kwa lugha yake. Mtoto wa miaka tisa aombe hapo kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, kama Hana katika kitabu cha Samweli, midomo inatikisika na sauti haisikiki. Kwake hapo ndipo keva na kavana zinapokutana.

---

MamaSiduri amejibu:

Mstari wa kwanza kwa Kiebrania tangu siku ya kwanza, nakubali. Wiki nne zangu zihesabiwe kwa aya ya "Ve'ahavta" tu.

---

KandoYaZiwa amejibu:

Mambo ya mahali hayajaguswa, na walimu wataulizwa na watoto.

Mwelekeo. Siduri nyingi na mabango ya ukutani yanasema geukia mashariki, kwa sababu yaliandikwa na watu walioko magharibi ya Yerusalemu. Kutoka Mwanza, Yerusalemu iko karibu kaskazini kabisa, ikiegemea mashariki kwa nyuzi tatu au nne tu. Arusha ni vilevile kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo. Mwalimu akiwapanga watoto kuelekea jua linakochomoza amewakosesha. Tumia dira ya simu mara moja, weka alama ukutani.

Saa. Katikati ya Novemba jua la Mwanza linachomoza kama saa 12:25 asubuhi na kuzama kama saa 12:40 jioni. Februari linachelewa karibu nusu saa nzima, ndiyo maana karatasi ya saa za sala isinakiliwe mwezi hadi mwezi. Karibu na ikweta saa ya kisheria (sehemu moja ya 12 ya mchana) ni karibu sawa na saa ya kawaida, zinatofautiana dakika moja hivi. Mishna inaruhusu Shema ya asubuhi hadi mwisho wa saa ya tatu ya mchana. Mtoto wetu tayari anahesabu saa kutoka asubuhi, kwa hiyo kwa Novemba hili halihitaji jedwali: ongeza tu zile dakika kama 25 ambazo jua linapita saa 12, unapata kama saa 3:30. Ipo kauli inayotangulia zaidi, basi msiivutie mpaka hapo. Anzeni Shahariti (sala ya asubuhi) saa 1:00. Minha (sala ya alasiri) iwe baada ya chakula, kuanzia saa 7:10 mchana.

Mvua. Hili ndilo lenye utajiri. Kuanzia mwisho wa Sukoti (sikukuu ya vibanda) hadi Pasaka tunataja nguvu ya Mungu ya kushusha mvua, "mashiv haruah". Kuiomba yenyewe, "veten tal umatar", huku ughaibuni, nje ya Israeli, kunaanza Maarivi (sala ya usiku) ya tarehe 4 Desemba, au tarehe 5 kama mwaka unaofuata una siku 366. Semina yenu iko Novemba: vuli inanyesha nje na ombi bado halimo kwenye Amida. Halafu ombi linakoma Pasaka, wakati masika ya huku bado yanahitajika hadi Mei. Mtoto mwerevu atauliza kwa nini tunaomba mvua ya wengine.

Mwalimu awe na jibu. Watu wa Ninawi walimpelekea Rabi Yehuda HaNasi swali kama hilo, kwa kuwa wao walihitaji mvua hata mwezi wa Tamuzi, kiangazi cha Israeli. Akawajibu kwamba wao ni kama watu binafsi, waombe ndani ya Shomea Tefila. Kwa hiyo utaratibu wa jumuiya haubadiliki, lakini mkulima wa mpunga wa Magu anayo nafasi yake ndani ya Amida hiyohiyo. Kipindi cha dakika 40 juu ya swali hili kitawafundisha walimu kavana kuliko hotuba. Aya ya pili ya Shema nayo inataja mvua ya mwanzo na ya mwisho. Katika nchi ya Israeli ile ya mwanzo huanguka majira ya vuli yetu na ya mwisho karibu na masika, basi watoto wa huku hawana ugumu wa kuielewa.

Mkipata radi, msiendelee na mada. Baraka ya umeme na ya ngurumo husemwa papo hapo, ndani ya sekunde chache baada ya kuona au kusikia. Toka nao barazani. Kwa ziwa lenyewe, mwenyeji anayeliona kila siku habariki. Ni kwa asiyeliona kwa siku 30. Wageni wa Arusha wamuulize rabi wao kama ziwa linaingia kwenye baraka ya "ose maase vereshit" (afanyaye kazi ya uumbaji) au la.

---

MratibuNyegezi ameandika:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mada 11 nimezifuta. Bado nina maswali mawili. Miniani (watu kumi wanaohitajika kwa sala ya jumuiya): tutakuwa 12 lakini jumuiya zetu hazihesabu kwa namna moja. Na vitini, nataka kutoa kopi mjini ili kila mwalimu apate seti 20 za watoto wake. Kuna la kuangalia?

---

MtunzaGeniza amejibu:

Miniani iamue kabla ya mtu kupanda basi. Pale wanapohesabu wanaume tu, huenda kwenye 12 wako msifike kumi. Pale wanapohesabu watu wazima wote, mmefika. Waulize kwa simu, kubalianeni utaratibu mmoja wa siku hizo mbili, na uandikwe kwenye mwaliko. Ugomvi wa miniani saa 1 asubuhi unakula semina yote. Msipokuwa na miniani mnaacha sehemu za Barekhu, Kadishi, Kedusha na usomaji wa Torati wa Jumatatu. Mnaweza kuisoma parasha (fungu la Torati la wiki) kutoka kitabu cha kawaida bila baraka, kama somo. Na kwa kuwa mnaanza Jumatatu, walimu wa mbali wasafiri Jumapili. Arusha hadi Mwanza ni siku nzima barabarani, asipangiwe mtu safari itakayomkuta njiani Shabati.

Kopi: usipeleke faili la Word kwenye duka la kutoa kopi. Kompyuta isiyo na fonti ya Kiebrania inageuza mstari ukaanza kushoto, au inazimwaga nukta za irabu pembeni mwa herufi, na mhudumu hawezi kujua kwamba pameharibika. Hifadhi kama PDF, fonti zikiwa ndani, herufi ukubwa wa 20 kwa watoto wadogo na 16 kwa wakubwa. Toa nakala moja kwanza, isome neno kwa neno, ndipo uagize seti zote.

Kubwa zaidi ni Jina. Karatasi yenye Jina la Mungu kwa Kiebrania haitupwi wala haichomwi, inawekwa geniza (mahali pa kutunzia maandiko matakatifu yaliyochakaa) na baadaye kuzikwa. Seti 240 zenye Shema nzima ni mzigo, na huku kwetu karatasi iliyoandikwa upande mmoja huishia kufungia maandazi. Kwenye vitini vya mazoezi weka herufi he yenye alama ya mkato badala ya Jina, au herufi mbili za yud kama siduri nyingi zinavyofanya, na hata hizo wengi huzitunza kwa heshima. Jina kamili libaki ndani ya siduri. Nakala mbovu kutoka dukani zichukue zote, ukiwaomba wakupe hata zilizokwama ndani ya mashine. Weka boksi la mbao mlangoni mwa ukumbi tangu asubuhi ya kwanza, na mwalimu mmoja apewe jukumu lake.

Chakula cha mchana hujauliza, ila kwa wanaoshika kashrut (sheria za chakula) samaki ndiye rahisi kuliko nyama. Nunueni sato au sangara mzima pale Mwaloni Kirumba, magamba yakiwa bado mwilini, mkaparue wenyewe. Minofu iliyokwisha chunwa ngozi haifai, huwezi kujua ni ya samaki gani. Kambare hana magamba, haliwi. Sufuria na visu viwe vipya.

---

MwlWaShahariti amejibu:

La nyongeza kwa Mratibu, kuhusu baada ya semina, maana huko ndiko kazi inakopotea. Kabla hawajaondoka Jumanne, kila mwalimu achague mwenzake mmoja na matini moja kati ya zile tatu. Kwa wiki sita, kila Jumapili, anamtumia mwenzake kwa WhatsApp sauti ya dakika mbili ya somo lake. Iwe ya somo la siku ya kazi, isiwe ya Shabati, na isiwe ya sala yenyewe. Mwenzake anajibu yale maswali matatu ya siku ya pili, basi. Wiki ya sita ongezeni baraka ya Gevuroti, ya pili ya Amida, kwa walioshika Avoti. Wewe usiingie kwenye mazungumzo yao. Mpigie simu yule tu ambaye hajatuma kwa wiki mbili.

Kwa makusudi, wawili wanaotumiana sauti wasiwe wa mji mmoja: mmoja awe wa Mwanza na mmoja wa Mbale kwa mfano. Wanaoishi pamoja huambiana kwa mdomo "inaenda vizuri" na hawarekodi kitu.

---

MratibuNyegezi ameandika:

Nimeipokea. Walimu wa Kenya wawili wamekwisha kuniambia wanasali kwa miniani ya wanaume, hivyo nawapigia wengine leo jioni nijue tupo wangapi. Mama Siduri, kile kipindi cha matamshi naomba ukiongoze wewe, saa 5:00 asubuhi Jumatatu.

---

MamaSiduri amejibu:

Nitakuja. Niandalie ubao mweupe, maka peni za rangi mbili, na orodha ya majina ya walimu pamoja na lugha zao za nyumbani, nipange makundi kabla sijafika.